Krismasi njema, na ule mti wa mruka msiuguse

Ndugu zangu mnaopanda kuja nyumbani Kibosho, Kilimanjaro, heri ya Krismasi na Mwaka Mpya. Najua wengine mnasoma haya mkiwa ndani ya basi, Same hamjaifikia, kitenge cha bibi kimebanwa miguuni. Poleni na safari. Ndizi za mtori zimeshamenywa.

Jana alfajiri nilimkuta mama mgombani. Ana miaka sabini na ushee. Alikuwa anakata majani makavu ya migomba, anayalaza chini, kisha anarudi bandani kujaza karai samadi. Nilipompokea karai akanikaripia: mbichi hiyo inaunguza, usiisogeze kwenye shina! Mwaka 2011 FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, waliitambua Shimbwe Juu, kijiji cha hukuhuku Kilimanjaro, kuwa urithi wa kilimo duniani, kwa sababu ya vihamba hivihivi, mashamba yetu ya ukoo yenye migomba, kahawa na miti pamoja. Wanawake wanaobeba karai sijawahi kuwaona wakiitwa kwenye kikao cha ukoo.

Tumekua tukiambiwa kahawa ya baba, migomba ya mama. Kivuli cha vyote viwili ni miti ya mruka na mringaringa. Majani ya mruka yakidondoka yanarutubisha udongo, na matawi yake ndiyo kuni. Zamani kuni mama zetu walizifuata kwenye “nusu maili”, ule ukanda wa msitu uliotengwa mwaka 1941 kwa matumizi ya wanavijiji. Mwaka 2005 msitu ukaingizwa Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro. Silalamiki, maana msitu ule ndio unaokamata ukungu na kulisha mifereji yetu. Ila tangu hapo mti wa kihambani umekuwa mali kweli.

Sasa linaloniuma. Desemba ni mwezi wa vikao, na ni mwezi wa chenso, ile misumeno ya mashine ya kuangushia miti. Mwaka juzi kaka zangu wawili walifika tarehe 23. Tarehe 27 mringaringa alioupanda bibi ulikuwa mbao, umepakiwa kwenye lori la Kenta. Mama muda wote yuko jikoni, anawamiminia wageni mbege, hakuna aliyemuuliza. Kahawa changa iliyokuwa chini ya mti ule ilikauka Februari. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa na ya mwanamume, lakini nilipoitaja niliambiwa nisilete mambo ya mjini. Na mimi naishi hapahapa Kibosho!

Kaka zangu, sina ugomvi na ninyi, mbuzi wenu yupo na supu mtakunywa. Naomba tu kwamba kabla hamjampigia mtu wa chenso, mkakae na mama chini ya mruka uliobaki, mumsikilize mpaka amalize.

Nyuma ya banda kuna miche 30 ya mringaringa, nimeiotesha kwenye viriba. Kila mmoja wenu apande mmoja kabla ya kushuka, ardhi bado ina unyevu. Majembe yapo, chai saa kumi na mbili asubuhi. Watakaolala mpaka saa nne watachimba wakati wa jua kali.