Kaunta saba, mnafungua mbili: barua kwa meneja wa supamaketi

Meneja, habari za kazi.

Mimi ni mteja wenu wa siku nyingi hapo tawini, naishi Kinondoni na nafundisha hesabu sekondari, nasema hilo mapema kwasababu humu kuna hesabu na sitaki mtu aseme nimezitunga. Naandika nikiwa bado nimekasirika, lakini kila ninachosema nimekiona kwa macho yangu Ijumaa iliyopita na risiti ninayo, picha yake nimeambatanisha.

Siku hiyo mama yangu alifika mchana kutoka Tanga, katoka safari na swaumu yake, nyumbani wameshapika kila kitu bado tende tu na maziwa, mke wangu akanambia kimbia hapo supamaketi mara moja urudi. Kutafuta vitu sikumaliza hata dakika kumi. Pakti mbili za tende, maziwa, juisi na nusu tikiti, basi. Saa 11:50 jioni nikasimama kwenye foleni, nikahesabu mbele yangu watu 13. Kaunta mnazo saba, zilizokuwa zinafanya kazi ni mbili. Zile tano mmezifunga mnyororo na juu yake mmepanga maboksi ya juisi za ofa ya Ramadhani, yaani mnajua kabisa huu ni mwezi gani, mabango mmetundika mpaka mlangoni, tende mmeleta za kila aina, ila watu wa kupokea hela hamkuwaweka.

Sasa nikiwa nimesimama pale nikaanza kupima kwa saa ya simu. Wateja saba waliofuatana kwenye kaunta yetu walichukua dakika 28, sawa na dakika 4 kila mmoja. Kaunta moja kwa saa inahudumia watu 15, mbili watu 30. Nikaangalia na wanaokuja kupanga foleni, ndani ya robo saa walikuja 10, hiyo ni 40 kwa saa. Wanakuja 40 wanatoka 30, kila saa wanabaki 10 wamesimama, mkianza hivyo saa 9 alasiri ikifika saa 12 jioni mna watu 30 wamekwama hapo na hakuna hata mmoja aliyezembea, si mteja si keshia. Mkifungua kaunta ya tatu mnahudumia 45. 45 ni zaidi ya 40, foleni inaanza kupungua yenyewe. Kaunta moja tu meneja! Sijasema mfungue zote saba.

Na hizo dakika 4 nazo zinatokana na mambo yenu wenyewe. Mizani ya matunda mmeiweka kule mwisho karibu na mkate na hamna kibao chochote, watu wanafika kaunta na ndizi zao hazina stika, wanarudishwa nyuma kupima na sisi wote tunasubiri. Kuna mama alichukua sufuria, haina bei, keshia akamwita kijana akaangalie bei shelfu, kijana kapotea huko. Alafu bei zenu, kitu mnaandika 4,990 au 7,990, sarafu ya shilingi kumi nani anayo siku hizi? Kila anayelipa kesh lazima hapo pawe na mazungumzo, nikupe pipi, sitaki pipi, basi chukua kiberiti, mara keshia anainuka kwenda kuomba chenji kaunta ya jirani. Anayelipa kwa simu kwa lipa namba anasubiri meseji irudi. Mashine ya kadi iko moja wanapokezana kaunta mbili. Karatasi ya mashine ya risiti ya EFD ikaisha na karatasi nyingine ipo stoo imefungiwa, mwenye funguo mpaka atafutwe. Hivi vyote mngevitengeneza kwa siku moja na visingewagharimu hela ya maana.

Lakini kilichonifanya niandike ni cha adhana. Nyuma yangu alikuwepo mzee mmoja, nadhani kapita miaka 70, kanzu yake, ameshika chupa ya maji na pakti ndogo ya tende, vitu viwili tu. Nikamwambia mzee pita mbele yangu, akapita, aliyekuwa mbele yangu naye akampisha, wa mbele zaidi ana toroli limejaa vitu, watoto wake wanalia, hakusikia. Adhana ya Magharibi ikaingia tukiwa tumesimama hapohapo. Mzee akataka kufungua ile chupa anywe maji. Mlinzi wenu akamwambia haruhusiwi kufungua kitu ambacho hakijalipiwa. Watu tukapiga kelele, mimi nikasema nitalipa hata hiyo chupa, mlinzi anasema ni amri ya ofisi. Mzee hakubishana, akairudisha chupa kwapani akawa anasoma dua yake taratibu. Mama mmoja foleni ya pili, shingoni ana rozari, akatoa maji kwenye mkoba wake aliyotoka nayo kazini, akamwambia baba chukua ufungue, na mzee alipomaliza akanipa na mimi. Nimefuturu kwa maji ya yule mama, Mungu ambariki, ndani ya duka lenye mabango ya kunitakia funga njema. Kuna kitu kilinikaba rohoni pale, na mpaka leo nikikumbuka mzee alivyoshika ile chupa naumia.

Nikamuita msimamizi wa zamu. Nilimuuliza kwa heshima tu, kwanini kaunta mbili. Akasema wafanyakazi wengine wameenda kufuturu. Sawa, ni haki yao na waende, ila mimi nipo hapo tangu saa 12 kasoro na hata hiyo saa 12 kasoro zilikuwa mbili. Na yule binti wa kaunta yetu naye ana hijabu, naye kafunga, yeye hakwenda popote, alikunywa maji mafunda mawili huku mkono mmoja unapitisha vitu kwenye mashine. Nilipolipa, saa 12:46, natoka mlangoni nakuta foleni nyingine! Watu wawili mmewaweka pale kazi yao kugonga muhuri kwenye risiti na kuchungulia mfuko. Watu wawili mlangoni wa kutukagua, na kaunta mbili za kutuhudumia. Mmoja wa hao mngemfundisha kukaa kaunta, ile ya tatu niliyoihesabu ndo hiyo, mtu wake mnaye tayari na mnamlipa.

Nafika nyumbani saa moja na robo, mama kafungua kwa maji tu, chakula wamekifunika, hajagusa ananisubiri mwanawe.

Ninachoomba ni hiki. Kuanzia saa 9 alasiri mpaka Magharibi kwa siku za mfungo zilizobaki muwe na kaunta zisizopungua tatu, na zile tarehe za mshahara pia kwasababu siku hizo hali ni hiyohiyo hata isipokuwa Ramadhani. Wekeni kaunta moja ya wenye vitu vichache, visizidi kumi. Na jaribuni mstari mmoja kama benki, watu wote tunapanga pamoja, aliye mbele anaenda kaunta iliyoachia, ili sufuria ya mtu mmoja isiwe mzigo wa watu 13 waliomfuata kwa bahati mbaya. Mizani isogezwe karibu na kaunta. Bei mzifanye za hamsini au mia, inatosha, hizo shilingi kumi hamrudishi na wala hatuwadai. Wekeni viti viwili kwa wazee na wajawazito. Na ile amri ya ofisi kuhusu maji, naomba mwenye kuitoa aandike kwamba adhana ikishaingia mtu aliyefunga anywe kwanza alipe baadae, au muweke ndoo ya maji na sahani ya tende pale mbele, kwa watu waliosimama saa nzima kwenye foleni yenu hiyo sio gharama.

Namba yangu ya simu nimeiacha kaunta ya huduma kwa wateja, naomba nipigiwe na mtu mwenye uwezo wa kuamua, sio kutumiwa meseji ya asante kwa maoni yako, hiyo nilishawahi kutumiwa mwaka jana na hakuna kilichobadilika.

Na yule binti wa kaunta msije mkamsumbua kwa ajili ya barua hii, wala kumkata hela yake, pale ndani yeye ndo alikuwa anafanya kazi.

Mteja wenu,
Kinondoni, Dar es Salaam