YAH: MALALAMIKO KUHUSU NENO "DARAJA" KWENYE RUTA YENU YA INTANETI, NA KUDHALILISHWA KWANGU DIRISHANI

Kirumba, Mwanza
4 Septemba 2025

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Ofisi ya Mwanza.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Jumanne tarehe 26 Agosti, saa nne asubuhi, mhudumu wenu wa dirisha la pili alimwita mwenzake kwa sauti, foleni nzima ikisikia: "Njoo umwone bibi, amewasha daraja akidhani ni daraja la kwanza la meli." Watu wakacheka. Naanza na hilo kwa sababu ndilo linaloninyima usingizi. Mengine yatafuata, lakini hilo nimetaka ulisome kwanza.

Mkataba wenu mnaujua, sina haja ya kuwasomea. Mnajua mnavyotakiwa kumhudumia mteja na mnajua kwa nini namba ya huduma kwa wateja imebandikwa ubavuni mwa ruta.

Ijumaa tarehe 22 nililipia kifurushi kikubwa zaidi, kwa sababu Agosti ni mwezi wa vijana kuhangaika na maombi ya mikopo ya elimu ya juu kwa Bodi ya Mikopo na dukani kwangu kompyuta zote tatu hazipumziki. Muda si mrefu ukaingia ujumbe wenu: "Hongera! Umepandishwa daraja." Ujumbe huo ninao kwenye simu, sijaufuta wala sitaufuta. Ukanielekeza nifungue ukurasa wa ruta nihakiki mipangilio. Nikafungua. Kwenye kipengele mlichokiita "Hali ya Ruta" nikakuta neno "Daraja", na mbele yake "Limezimwa".

Wewe ungefanya nini, Ndugu Meneja? Nimelipia daraja, nimepongezwa kwa daraja, kisha nakuta daraja limezimwa. Nikaliwasha, nikabonyeza "Hifadhi". Kompyuta tatu na printa zikapoteza mtandao kwa mpigo mmoja.

Kijana wa dada yangu, anayesomea mambo ya mitandao, ndiye aliyenifafanulia kwa simu Jumapili. Ruta ikiwekwa daraja huacha kazi yake ya kugawa anwani kwa kompyuta, yaani zile namba zinazotambulisha kila kifaa kwenye mtandao. Inabaki kupitisha tu mawasiliano kwenda kwenye kifaa kingine ambacho ndicho kinatakiwa kuifanya kazi hiyo, na mimi kifaa kingine sina. Bila anwani, kompyuta zangu hazikuweza hata kuufungua ule ukurasa ili nizime nilichowasha. Mmeweka kitufe ambacho mtu akikibonyeza anajifungia nje ya nyumba yake, mkakiandika kwa neno moja tupu, bila sentensi hata moja ya onyo.

Nimefundisha Kiswahili shule ya msingi miaka 27. Daraja ni la kuvukia, kama lile la Kigongo na Busisi. Daraja pia ni kiwango, kama daraja la kwanza kwenye matokeo ya kidato cha nne. Mtoto wa darasa la tano anajua kwamba neno moja linaweza kubeba maana mbili na kwamba sentensi ndiyo inayomwonyesha ipi imekusudiwa. Ninyi mlikusudia la kuvukia, mkaliacha neno peke yake, na siku hiyo hiyo mkanitumia ujumbe wenye ile maana nyingine. Kosa hilo ni la nani?

Jumamosi nilipiga simu kwenu. Kijana aliyepokea akaniambia, "Soma namba ya mlango." Nikaigeuza ruta, nikamjibu waya uko mlango wa kwanza kati ya minne. "Siyo huo, mlango mkuu." Mkuu upi? Huduma iliporudi niliupitia ukurasa wenu wote nikiwa na kalamu. "Mlango" ni matundu ya kuchomekea waya nyuma ya ruta. Kurasa mbili mbele, "mlango" ni zile namba za kutofautisha huduma za mtandaoni, kama 80 na 443 za kufungulia tovuti. Kisha "mlango mkuu" ni anwani 192.168.1.1, ambayo kompyuta huipitia ili kutoka kwenda kwenye intaneti. Hivyo ni vitu vitatu visivyofanana hata kidogo, na vyote mmevipa jina moja.

Akaniambia nisome anwani ya kompyuta. Nikamsomea: inaanza na 169.254. Akasema hiyo siyo ya kwao, labda kompyuta ina virusi, akakata simu. Kumbe kompyuta ya Windows hujipa yenyewe anwani ya namna hiyo inapoomba anwani ikakosa wa kuipa. Kijana wa dada yangu hakuhitaji kusikia zaidi ya tarakimu hizo sita. Aliniuliza papo hapo nimegusa nini kwenye ruta. Mtu mnayemlipa mshahara kwa kazi hiyo hakuniuliza.

Jumatatu alikuja binti aliyevuka na meli kutoka Nansio. Fomu yake ilikuwa imeshapigwa mihuri yote, kilichobaki ni kuipandisha tu kwenye mfumo. Nilimwambia asubiri kidogo, nikitumaini mtandao ungerudi, naye akanisubiri mpaka jioni. Alilala kwa watu mjini na kesho yake akaenda kutafuta duka jingine. Fedha yake ni ndogo, lakini siku ile aliyoipoteza aliipoteza kwangu, na nilishindwa kumtazama usoni.

Narudi dirisha la pili, maana sijamaliza.

Nilikuja na ruta kwenye kikapu na simu mkononi, ujumbe wenu ukiwa wazi. Yule kijana hakuniamkia. Nilimwambia, "Mwanangu, soma huu ujumbe wenu." Hakuipokea simu. Aliniuliza nimefanya nini, nikamweleza, ndipo akageuka na kumwita mwenzake kwa yale maneno ya bibi na meli. Mwenzake akaja, akaegemea kaunta, wakacheka wote wawili, na foleni ikacheka nao. Nyuma yangu alikuwepo mzazi wa mwanafunzi niliyemfundisha kusoma. Yeye aliinamisha kichwa. Kisha yule kijana akaniambia, "Bibi, mambo haya waachie wajukuu. Lipa elfu arobaini fundi aje." Ujumbe hakuusoma mpaka naondoka. Angeusoma angeona neno "daraja" limetoka kwenu.

Nililipa, kwa sababu duka lilikuwa limelala siku ya nne. Fundi alifika Alhamisi. Akaingiza pini kwenye kitundu cha nyuma, akabonyeza sekunde kumi, akaandika upya jina na paswedi ya akaunti. Dakika kumi na mbili, shilingi 40,000.

Naomba nirudishiwe shilingi hizo 40,000. Nilipokaa kuandika nilikusudia kudai hizo tu na neno la samahani, lakini nikiyatazama niliyoyaandika naona nimejipunja. Kwa hiyo nadai pia siku sita nilizokaa bila huduma ziongezwe kwenye kifurushi changu. Samahani nayo iwe ya maandishi, yenye jina na sahihi ya mhudumu wa dirisha la pili. Ya kupigiwa simu siitaki.

Na maneno yabadilishwe. Yale ya nyuma ya ruta yaiteni matundu. Zile namba ziiteni poti, neno ambalo mafundi wote hapa Mwanza wanalitumia. Anwani ya 192.168.1.1 iiteni njia ya kutokea, au getiwei kama mnapenda. Hilo daraja liiteni modi ya briji, na chini yake muandike: "Ukiwasha, ruta itaacha kugawa anwani na vifaa vyako vitapoteza intaneti. Usiwashe kama huna ruta nyingine." Nimewaandikia bure, fundi wenu angenitoza.

Nawapa siku 14 kuanzia leo. Zikipita kimya, faili hili litaenda ofisi ya Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) Kanda ya Ziwa, ambayo iko hapa hapa mjini, pamoja na Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano, likiwa na picha ya ujumbe wenu, picha za ukurasa wa ruta na risiti. Ruta yenu nitairudisha dirisha la pili mwenyewe, saa nne asubuhi, foleni ikiwepo. Kwenye mtaa wangu yapo maduka mengine manne ya steshenari yenye ruta kama hii, na wenye nayo wameshausoma ujumbe ule kwenye simu yangu.

Jina langu na namba ya akaunti vimo kwenye nakala ya risiti niliyoambatanisha.

Wenu,

(sahihi)
Mwalimu mstaafu, mwenye duka la steshenari
Kirumba