Risala ya Kamati ya Ulinzi wa Wanawake na Watoto ya Kata kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Mtoto wa Afrika, Moshi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mheshimiwa Diwani, Mtendaji wa Kata, wenyeviti wa mitaa, walimu, wazazi na watoto wetu,

Tunakushukuru kwa kukubali kupanda hadi kwetu na baridi hii ya Juni. Hata Mlima leo umejifunika. Tunajua ratiba yako imebana, kwa hiyo historia tutaikata.

Kamati yetu imetokana na MTAKUWWA, mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, ulioanza mwaka 2017/18 kwa lengo la kupunguza ukatili kwa asilimia 50 ndani ya miaka mitano. Sasa tumo awamu ya pili, itakayofika 2028/29. Mengine yamo kwenye majalada.

Mafanikio ni makubwa. Tumefanya mikutano minne ya hadhara (mmoja ulikatishwa na mvua, ila mahudhurio yalikuwa yameshasainiwa), tumebandika namba 116 ya kupiga bure kwenye shule zote na vijiwe vya bodaboda, na tumenunua muhuri wetu wenyewe kwa michango.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, lililotusimamisha hapa ni chumba. Chumba kimoja chenye mlango unaofungwa.

Mwelekeo wa ustawi wa jamii tunausikia kila semina: huduma ishuke kwa mwananchi, kinga itangulie madhara, aliyeumizwa asizungushwe. Tunaupokea kwa mikono miwili. Ila kwetu huduma imeshuka ikakwama koridoni. Afisa Ustawi wa Jamii ana kata tatu. Kwetu anakuja Jumanne, na meza yake imebanana na foleni ya barua za utambulisho. Mama akileta mtoto aliyefanyiwa ukatili, anaeleza huku majirani wanasikiliza. Wengine wakichungulia tu na kuona nyuso wanazozijua, husema wamekuja kuulizia mbolea ya ruzuku.

Mwezi wa tatu binti mmoja alizungumza kwa sauti ya chini mno, afisa akamwomba arudie. Hakurudia. Alichukua kibegi chake akaondoka, na mpaka leo jalada lake lina jina peke yake.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii atoe taarifa mtoto anapodhulumiwa, na inazipa serikali za mitaa wajibu wa kumlinda. Taarifa zipo. Pa kuzisemea ndipo hapapo.

Ombi hili si geni. Mgeni rasmi wa kwanza, Mungu ambariki, alitoa mifuko 10 ya saruji papo hapo, tukapiga vigelegele. Mabati alisema wiki ijayo. Mgeni rasmi wa pili alimwagiza msaidizi wake aandike, na kweli tulimwona akiandika. Saruji ikapigwa na unyevu wa masika ya kwanza, ikapigwa na ya pili, ikawa mawe. Hatukuitupa. Wanaosubiri kusikilizwa ndiyo wanayoikalia. Ukipita koridoni utaiona, karatasi zake bado hazijabanduka zote.

Kwa hiyo leo, kwa heshima zote, hatuombi ahadi. Ahadi tunazo. Tunaomba mabati 20, saruji inayokuja pamoja na mchanga wake, mlango mmoja wenye kitasa, na barua ya kumwezesha afisa kuja siku mbili kwa wiki badala ya moja. Kiwanja mtaa umeshatoa, pembeni mwa ofisi. Matofali ya kuchoma wazazi wameshachanga, na mafundi ndio hao waliokaa chini ya mparachichi; hawataki malipo.

Barua ya maombi iko mezani kwako kwenye bahasha ya kaki, na kando yake lipo daftari la dispachi. Tunaomba usaini kuipokea kabla hatujaelekea kwenye pilau.

Tunaomba kuwasilisha.

Mjumbe, kwa niaba ya Kamati