Risala ya Wanafunzi wa Uashi kwa Mgeni Rasmi: Kwaya ya Kanisa Kuu la Beauvais

Mheshimiwa mgeni rasmi, mkuu wa chuo, walimu wetu, wazazi na wageni waalikwa,

Tunakushukuru kwa kukubali kufungua maonyesho yetu. Mfano ulio mbele yako ni wa kwaya ya Kanisa Kuu la Mtakatifu Petro, Beauvais, kaskazini mwa Ufaransa: ile sehemu ya mashariki yenye altare kuu, ambako mapadre waliketi kusali na kuimba. Tumeichagua kwa sababu ilianguka, ikatengenezwa, na matengenezo hayo yanaonekana hadi leo.

Ujenzi ulianza mwaka 1225, kwaya ikakamilika 1272. Dari lake la mawe liko juu kiasi cha mita 48. Hakuna kanisa la Kigothi, yaani la mtindo wa Ulaya ya zama za kati wenye matao yaliyochongoka, lililolipita. Desturi ya waashi wa zama hizo ilikuwa kupaua kwanza kwa mbao, kisha kulijenga dari chini ya paa, mvua isiliharibu. Fremu za mbao zilibeba mbavu za mawe, yaani matao membamba yanayoshikilia dari, hadi zikafungwa kwa jiwe la kilele, ndipo nafasi zilizobaki zikajazwa mawe membamba. Chokaa hukomaa polepole. Fremu ikiondolewa mapema, tao hulegea.

Mheshimiwa, tao halikandamizi chini tu, husukuma na pembeni. Ndiyo maana nje kuna nguzo nene, na kutoka kwenye nguzo hizo matao ya kuegemeza yanavuka hewani hadi ukutani. Hapo Beauvais nguzo za ndani zilikuwa nyembamba, tena zimeachana mno. Tarehe 29 Novemba 1284 sehemu ya dari iliporomoka. Wataalamu bado wanabishana kuhusu chanzo, wengine wakitaja upepo, wengine nguzo za nje. Dawa iliyotumika iko wazi: katikati ya nguzo na nguzo iliongezwa nyingine, na kila sehemu ya dari iliyogawanywa na mbavu vipande vinne ikagawanywa sita. Tunaiona kuwa kazi ya uashi hodari kuliko urefu wenyewe.

Baadaye uliongezwa mnara wa mita 153, uliomalizika 1569. Upande wa magharibi haukuwa na jengo la kuuegemeza, nao ukaanguka mwaka 1573.

Jambo tunalotaka hasa ulitazame ni vyuma vyembamba vinavyounganisha matao ya nje. Katika miaka ya 1960 baadhi viliondolewa. Upepo ulipovuma kwaya ikaanza kuyumba, ikabidi vingine virudishwe. Chuma nacho kina hatari yake: kikishika kutu hutanuka na kupasua jiwe, kwa hiyo mafundi wa kale walizoea kuzibia ncha zake kwa madini ya risasi yaliyoyeyushwa. Anayekarabati na apime kwanza kila kipande kinabeba nini, kabla ya kukigusa.

Mheshimiwa, ombi letu ni moja. Tunafundishwa saruji, lakini chokaa tunaigusa kidogo sana. Saruji ngumu ikipakwa juu ya jiwe laini hufungia unyevu ndani, na jiwe hubanduka tabaka kwa tabaka. Hali hiyo huyapata pia majengo ya matumbawe ya pwani yetu. Tunaomba utusaidie kupata tanuri dogo la chokaa, shimo la kuilowekea, na fundi wa kutusimamia kwa vitendo.

Tunaomba kuwasilisha.