Neno la asubuhi

Bukoba, Jumapili jioni

Mama Neema mpenzi,

Bwana Yesu asifiwe. Habari za Mwanza? Huku ni wazima, mvua zimeanza, mama anakusalimu sana.

Nimenyamaza tangu msiba wa baba, na si kwa sababu ya kazi kama nilivyokuambia. Juzi uliniandikia, "Mtumishi, neno la leo limenijenga." Nilisoma mara tatu nikalia. Neno lile nililituma saa kumi na moja alfajiri nikiwa kitandani, sijasali. Sijasali tangu mazishi, Mama Neema. Nikipiga magoti maneno hayaji.

Na bado kila asubuhi nachagua mstari, natafuta picha ya jua linalochomoza, naweka kwenye kundi la WhatsApp. Watu zaidi ya 300. "Amina" zinamiminika mpaka saa mbili.

Unaukumbuka ushirika wa Bibi wa Alhamisi? Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukapita Uganda hadi ukatufikia Buhaya, kwake haukuwa habari ya zamani. Walokole wenzake walisimama mmoja mmoja wakatubu kwa kutaja jambo lenyewe. Yule jirani alisema ameuza kahawa ya mumewe kwa siri, na mume yuko benchi la nyuma! Kutembea nuruni, ndivyo walivyoita. Utotoni niliona aibu. Leo naona hakuna aliyeweza kujifanya mbele ya Bibi, maana kila mtu alijua kwa mwenzake kunapikwa nini. Kwenye simu wananiona kwa mstari tu, na picha ya jua.

Simu siilaumu. Baba alipolazwa, kundi hilihili lilikesha likituombea kwa ujumbe wa sauti, na pesa ya jeneza ilipatikana kwa siku mbili. Upendo ule ulikuwa wa kweli, na ndiyo maana natamani kuwaambia ukweli. Lakini unajua yaliyompata Mama Ester alipoandika mambo ya ndoa yake. Kabla ya jioni maneno yake yalishapigwa picha, yakafika hadi kazini kwa mumewe. Kwa Bibi, aliyetubu alikumbatiwa, kisha wote wakaenda kunywa chai.

Mathayo 6 nayo, pale Yesu anaposema tuingie chumba cha ndani tufunge mlango. Miaka yote nimeisoma kama onyo kwa wanaojionyesha. Sasa inaniuma kwingine: chumba changu cha ndani ni kitupu, na kila alfajiri nabandika mstari mlangoni.

Shemeji anasema niendelee tu, kwamba neno ni la Mungu, litamjenga mtu hata mimi nikiwa nimekauka. Huenda. Wewe ulijengwa. Ila kesho sitatuma, siwezi tena.

Utanishikia zamu hata wiki mbili? Nikupe mistari, au utachagua mwenyewe? Nikiulizwa niseme nini, naumwa? Neema matokeo yake vipi? Na ulipofiwa na mama, ulirudije kusali? Ulimwambia nani? Nikikupigia Jumatano usiku, Baba Neema akiwa zamu, utasali nami, sisi wawili tu, hata kama upande wangu utasikia ukimya?

Wako,
Mama Baraka