Barua ya wazi kwa Papa Burgumesta: herufi mbili tu njo zimenizuia kufika kwa bwana yangu

Papa Burgumesta, wewe mkubwa wa komine yetu, jambo yako, na jambo kwa watu wote wa ofisi yako.

Jina la komine yetu, kipande chetu cha mji, siandiki hapa juu sitafuti vita na mtu, Lubumbashi iko na komine saba kwa hiyo kila burgumesta anaweza kujiuliza kama ni yeye, lakini wewe ukifika kwenye ile mambo ya kabati utajijua mwenyewe. Naandika wazi juu barua za kufunga nimeshaleta tatu. Ya kwanza waliipiga kashe, ule muhuri wa kupokea, ya pili hata kashe hapana, ya tatu niliikuta karani ameifunika juu ya kikombe chake ya chai nzi wasiingie. Sikudanganyi, niliona na macho yangu.

Mimi ni fundi wa kushona, mashini yangu iko barazani kwa mama, na bwana yangu yuko Ubelgiji, kule Liège, anapanga mizigo kwenye depo, kazi ya usiku. Kila mtu anayeleta kikwembe yake kushonesha ananiuliza "bado wazungu wanakukatalia viza tu?" na mimi miaka yote nilikuwa naitika ndiyo, bakubwa wa kule ni wabaya, hawana huruma. Kumbe nilikuwa nawasingizia. Dosie yangu haijafika hata mbele ya mzungu mmoja Papa, imekwama kwako.

Nirudi nyuma kidogo. Mwezi wa saba 2022 bwana yangu alikuja na konje yake, likizo ya kazi, wiki tano, familia zikakutana, mali ikalipwa yote, mbuzi, suti ya baba, vikwembe vya mama, mpaka shangazi mmoja aliyenuna juu ya sufuria akapewa sufuria. Kisha tukafanya vile sheria inaomba, maana sheria ya familia ya 1987, ile waliyoibadilisha 2016, inasema ndoa ya nyumbani lazima muipeleke kwa eta-sivili, ofisi ya kuandika vizazi na ndoa, iandikwe, bila hiyo kwa serikali ni kama mlikula tu wali na kuku. Tukaja kwako. Karani akafungua rejista, nikamnyooshea karte yangu ya uchaguzi, akasema hapana mama, wewe taja tu mimi naandika, watu ni wengi. Nikataja. Ngoie. Akaandika vile sikio lake lilisikia, Ngoy.

Sasa huku kwetu hiyo si neno. Ngoy, Ngoie, Ngoi, ni jina moja, kwetu nyumbani ndugu watatu wa tumbo moja wameandikwa aina tatu na bado wanagombania kiti kimoja. Na majina yetu yenyewe ni marefu, tangu 1972 Mobutu alipotuletea ile mambo ya posnomu, jina la kienyeji la kuongeza nyuma, kila mtu iko na jina, posnomu, halafu la ubatizo likarudi juu yake baadaye, na formilere za huko Ulaya ziko na vijumba viwili tu, kwa hiyo hata kabla ya makosa mtu anateseka. Lakini y ikichukua nafasi ya ie, ordinatere, kompyuta ya mzungu, haiulizi shangazi. Inaona wanawake wawili.

Na mimi sikusoma. Hapo kosa ni langu, nakubali, nilikuwa nimevaa viatu vya kukopa vinaniuma na bwana yangu alikuwa anaangalia saa, tukasaini tukaenda kupiga picha.

Kosa lililala ndani ya karatasi zaidi ya miaka miwili juu hatukuwa na haraka, bwana yangu alikuwa anangoja karte yake ya kukaa bila mwisho, na aliipata 2024. Mwezi wa kumi mwaka huo nikapanda ndege mpaka Kinshasa kwa legalizasiyo, kuthibitishiwa karatasi, maana cheti chetu kabla hakijaaminiwa huko nje lazima kipite Kinshasa kwanza halafu ambasade. Zaidi ya kilometa 1500, hela ya vikwembe arobaini nilivyohesabu mimi kwa akili ya fundi. Nafika kwenye dirisha moja, mama mwenye miwani anapanga karatasi zangu, pasipoti, cheti cha kuzaliwa, cheti cha ndoa, ananiangalia juu ya miwani ananiuliza polepole, "Mama, katika hawa wawili wewe ni nani?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Juu watu wananiuliza sana kwenye mashini, na juu wewe pia Papa ni vizuri ujue karatasi yako inaendaga wapi ikitoka mkononi mwako, nieleze kidogo. Njia yangu mimi inaitwa kuunganisha familia, ni viza D, ya kukaa, si ya kutembea. Wanaomba sisi wawili tuwe tumefikisha miaka 21, bwana awe na nyumba inayotosha, asiransi ya magonjwa itakayonifunika na mimi, na mshahara wake mwenyewe unaoingia kila mwezi, msaada wa serikali hauhesabiwi. Mimi nilete pasipoti, cheti cha kuzaliwa, cheti cha ndoa, cheti cha daktari, na kazie judisieri, karatasi ya kuonyesha sina kesi ya jinai, ambayo haijapita miezi 6. Ukishaweka yote wako na miezi 9 ya kujibu, na wanaweza kuongeza mitatu, halafu tena mitatu. Watu wanaogopa hiyo 9. Mimi ningeipenda! Juu miezi 9 inaanza kuhesabiwa siku dosie imekamilika, na yangu haijakamilika, kwa hiyo mimi hata mwezi wa kwanza sijaanza kuubeba. Na ukishafika bado si milele, wanakupa karte ya mwaka moja unaenda ukiongeza, na ndani ya miaka 5 ya kwanza mkiachana wanaweza kuichukua.

Rafiki yangu mmoja hawajaoana na mwanaume wake, wao wanapitia kohabitasiyo ya sheria, kuishi pamoja bila ndoa lakini mmeandikwa. Hapo lazima waonyeshe wamejuana miaka 2 na wameonana mara 3 siku zisizopungua 45, ao wameishi pamoja mwaka, ao wako na mtoto. Yule dada anaweka mpaka tiketi za basi kwenye boksi ya biskuti, risiti ya restora, picha na tarehe nyuma, nilikuwa namchekaga, sasa namuheshimu. Lakini hata yeye Papa, wanamuomba cheti cha kuonyesha hana ndoa. Kinatoka wapi? Kwenye komine. Binamu yangu anaitiwa Kanada na mke wake, kule mwenye kukuita anasaini atakulisha miaka 3, na kama hamjaoana muwe mmeishi pamoja miezi 12. Marekani iko na viza ya mchumba, K-1, mnapaswa muwe mmeonana uso kwa uso ndani ya miaka 2 iliyopita, na ukifika muoane kabla siku 90 hazijaisha. Na mwenye bwana Mfaransa, ndoa mliyofunga huku lazima iandikwe tena kwenye rejista yao kule Nantes, njo mlango wenyewe. Zote hizo ukizifuata mpaka kwenye mzizi unakuta kabati ya komine na karani na biki, kalamu yake.

Mjomba wangu yeye iko na njia yake fupi, anasema omba viza ya kutembea, ya siku 90, ukishaingia nani atakutoa. Nilikataa. Si ati mimi ni mtakatifu, ni juu niko na bwana, mbona niishi kwa bwana yangu kama mwizi nikisikia mtu anabisha mlango najificha chooni?

Basi nikarudi Lubumbashi nikaja kwako, nikidhani mtafuta y mtaandika ie, dakika tano. Wakaniambia hapana, rejista haifutwi hivi, nenda tribinali ya pe, ile korti ndogo. Na hapo walikuwa na haki, siwezi kusema uongo, sheria iko hivyo na ni vizuri iwe hivyo, kama sivyo kila mtu angekuja kubadilisha bibi yake na kifutio. Nikaenda. Shahidi wawili, fotokopi mpaka wino ukaisha, hukumu ikatoka mwezi wa kwanza 2025, kisha siku 30 za kungoja kama kuna mtu atakata rufaa, eti labda kuna mtu duniani anapinga mimi nisiitwe Ngoie. Hakutokea. Nikapewa karatasi ya kusema hakuna rufaa. Mwezi wa tatu niko tena kwako, naleta hukumu iandikwe pembeni ya ukurasa wangu kwenye rejista.

Hapa sasa kabati. Rejista ya 2022 iko ndani ya kabati ya chuma ya kijani, ile yenye mlango unaofungwa na kipande cha nguo juu kitasa kilikufa. Chini iko na ufunguo mwingine, na ufunguo iko na papa mmoja, na yule papa alikuwa kwenye matanga Likasi. Akarudi. Ufunguo ukafungua, rejista haipo, iko juu kwa mtu mwingine. Huyo mtu mwingine iko missioni, safari ya kazi. Mwezi wa nne, wa tano. Mvua zikaisha, vumbi ikaanza, mimi kila Jumatatu niko kwenye ile benchi ya mbao yenye msumari upande wa kushoto, nimeshaujua, wageni wakikaa nawaonya. Mwezi wa sita karani akaniambia kwa sauti ya chini kwamba kama kungekuwa na kitu kidogo cha kumsaidia kutafuta. Sikutoa Papa. Nilitoa vitatu vya kwanza miaka ya nyuma, hiki sikutoa, na labda njo maana.

Na wakati mimi niko kwenye benchi, kule wabunge wao hawakulala. Tarehe 18 Agosti 2025 sheria mpya ikaanza Ubelgiji, mshahara wanaouomba umepanda, sasa ni asilimia 110 ya mshahara wa chini wa kule, na ukiongeza mtu mwingine zaidi ya bibi wanaongeza asilimia 10. Aliyeweka dosie yake kabla ya hiyo tarehe anapimwa na kipimo cha zamani. Aliyechelewa, kipya. Mwezi wa tatu mimi nilikuwa na karatasi zote mkononi, zote, ilibaki mistari miwili ya biki pembeni ya ukurasa. Mistari hiyo iliandikwa mwezi wa tisa.

Bwana yangu alipojua alinyamaza kwenye telefone mpaka nikadhani inite zimeisha. Sasa ameongeza masaa, anafanya na Jumamosi. Wakati wa joto yao saa yao na yetu ya Lubumbashi ni moja, tunaongea yeye akiamka mimi nikifunga mashini, lakini mwisho wa mwezi wa kumi wanarudisha saa nyuma na sisi tunapotezana tena, yeye anapiga mimi niko na mteja, mimi napiga yeye amelala. Niambie Papa, siku watakaponiita kwa maswali kuona kama ndoa yetu si ile nyeupe, ya makaratasi tu, na wakaniuliza bwana yako anaamkaga saa ngapi, nitajibu la msimu gani?

Sikuombi viza, viza hauna. Sikuombi hela. Nakuomba karani ageuze rejista upande wa mtu kabla hajasaini, amwambie soma mama, soma papa, soma herufi moja moja, na asiyejua kusoma asomewe kwa sauti kama kanisani. Aandike akiangalia karte, si akisikiliza. Bei zibandikwe ukutani kwa maandishi makubwa, tujue ipi ni ya serikali na ipi ni ya chai. Na kitasa, kweli, kitasa ni bei gani pale sokoni? Mimi nitanunua nilete, nashona vikwembe viwili imetoka.

Na la mwisho njo hili, halafu nikuache uende kula. Ile mistari miwili ya mwezi wa tisa imeandikwa vizuri, Ngoie, n-g-o-i-e, nimeisoma mara sita. Lakini chini yake hakuna saini. Karani anasema saini ni yako wewe tu, hawezi kukuwekea. Rejista iko kwenye rafu ya pili ya kabati kuanzia juu, ya rangi ya damu ya mzee, nimeweka kipande cha kitambaa cha njano kwenye ukurasa ili usitafute. Kazie yangu inakufa tarehe 14 ya mwezi ujao.

Jumatatu saa tatu ya asubui niko kwenye benchi, upande usio na msumari. Biki niko nayo.

Mama fundi, raia wako