Mwanangu, soma haya kabla hujachimba shimo la miwaridi

Mwanangu mpenzi,

Sisi hapa hatujambo. Nimefurahi sana kusikia unataka kupanda miwaridi mbele ya nyumba huko Kitengela, ila nakuomba usiguse jembe kwanza. Mwaridi huvumilia ukavu kuliko unavyovumilia maji yaliyotuama mizizini, na udongo mweusi wa huko hutuamisha maji kwelikweli.

Pima hivi. Chimba shimo la kina cha sentimita 45, lijaze maji, yakiisha lijaze tena. Ukiamka kesho yake ukakuta maji bado yamo, usipande humo hata ukitia samadi kiasi gani. Shimo lililojazwa udongo laini katikati ya mfinyanzi hugeuka beseni. Mvua ya masika ikianza, maji ya kando yote huingilia humo na mizizi hukosa hewa. Dalili yake huwahadaa wengi, kwani majani hunyauka na kuwa manjano kana kwamba mmea una kiu, basi mtu huzidisha maji na kuumaliza.

Afadhali uinue tuta. Kwatua udongo wa chini, zungushia mawe hadi kimo cha sentimita 30, na kila mche upe nafasi ya sentimita 60 kwa 60. Nafasi hiyo itajaa kwa madebe matatu ya udongo mwekundu, debe moja na nusu la samadi iliyooza mpaka ikaisha harufu, na debe moja la mchanga wa mtoni. Samadi mbichi huunguza mizizi, kwa hiyo usikubali kuuziwa. Chagua mahali panapopata jua kwa muda usiopungua saa sita, hasa jua la asubuhi, maana hilo ndilo linalokausha umande kwenye majani.

Ukifika kitaluni, usivutwe na mche wenye maua mengi. Tafuta wenye matawi matatu manene, kisha tazama chini ya shina. Utaona kinundu. Hapo ndipo waridi unalolitaka lilipopandikizwa juu ya shina la aina nyingine. Hapa Kenya mara nyingi ni Natal Briar, lenye mizizi yenye nguvu. Kinundu hicho kibaki juu ya udongo kwa upana wa vidole viwili. Chipukizi lolote linalotoka chini yake si la waridi lako, nalo hukua kwa kasi hadi limezidi mmea wenyewe. Fukua mpaka linapoanzia, ulinyofoe kwa mkono. Ukilikata kwa makasi, macho yanayobaki yatatoa mengine.

Wakati wa kiangazi mwagilia lita 10 kwa kila mche mara mbili kwa wiki, asubuhi, shinani, wala si juu ya majani. Visima vingi vya huko vina maji ya chumvi. Kingo za majani zikikauka na kuwa kahawia, shuku chumvi hiyo. Kinga maji ya mvua kwenye tangi. Ukilazimika kutumia ya kisima, mwaga mengi kwa mara moja ili chumvi iteremke, usinyunyize kidogo kidogo kila siku. Tandaza nyasi kavu unene wa sentimita 5, zisiguse shina.

Mbolea ya dukani isubiri maua ya kwanza yaishe. Hapo weka kijiko kimoja cha mezani cha NPK 17:17:17 (mbolea yenye naitrojeni, fosforasi na potasiamu kwa viwango sawa) mbali kidogo na shina, kisha umwagilie. Ukizidisha, utapata majani mateketeke ambayo vidukari, wale wadudu wadogo wanaofyonza utomvu, huyapenda mno. Wakitokea, wanyunyizie maji yenye sabuni ya maji, kijiko kimoja cha chai kwa lita, jioni jua likishapoa.

Ua likinyauka, shuka hadi jani la kwanza lenye vijani vitano linalotazama nje, ukate nusu sentimita juu yake kwa mkato ulioinama. Maua mengine huja baada ya wiki sita hadi nane. Majani yenye madoa meusi yaokote yote uyachome. Ukiyatia kwenye mboji, ugonjwa utarudi nayo shambani.

Niandikie ukishapima shimo.

Mamako